Mota ya Kufulia Nguo na Kimea cha Mama Ireri

Kazi ya kwanza niliyopewa katika karakana ya serikali ya Embu ilikuwa kunusa. Nilifika asubuhi nimevaa shati lililopigwa pasi na mama yangu kule Majengo ya Meru, cheti cha shule ya ufundi kikiwa mfukoni, nikitarajia kukabidhiwa nyundo au bisibisi. Mestri, yule Kalasinga aliyesimamia upande wa umeme, hakukitazama cheti. Aliokota mota mezani, akaishika kama mtu anayechagua papai sokoni, akanisogezea puani.

"Nusa."

Nikanusa.

"Nini iko ndani?"

"Mafuta, Mestri. Na kitu kimeungua."

"Kimeungua nini? Ugali? Nywele?"

"Kama nywele."

"Hiyo iko vanishi. Vanishi ikinuka hivyo, koili nakufa. Ikinuka mafuta peke yake, beringi nakufa. Hapa iko mota mingi. Nusa yote, panga huku na huku."

Siku nzima nilinusa. Jioni Mestri alipita kati ya mafungu yangu mawili, akahamisha mota moja tu kutoka fungu hili kwenda lile, akaenda zake. Nilielewa kwamba nimeajiriwa.

Niwaeleze ninyi vijana ambao siku hizi mota ikifa mnanunua nyingine. Ndani ya mota kuna nyaya nyembamba za shaba zilizosokotwa na kupakwa vanishi ili umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine. Hizo ndizo koili. Katikati hukaa rota, kipande kizito cha chuma kinachozunguka, na rota hulala juu ya beringi huku na huku. Mota nyingi za nyumbani zina koili za aina mbili. Ya kwanza huisukuma rota ianze kuzunguka, kisha hujizima. Ya pili huiendesha muda wote. Ile ya kuanzishia ndiyo dhaifu, na ikiungua mota hunguruma tu mahali pamoja, haizunguki. Mwenye nayo huona imekufa akaitupa. Lakini ukiizungusha kidogo kwa mkono huku umeme umewashwa, hushika mwendo na kwenda kama kawaida. Hilo nalo lilikuwa somo la Mestri, na ndilo lililoleta yote nitakayosimulia.

Miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari, ambayo sisi watu wa kawaida tuliiita emajensi. Juu msituni, kwenye miteremko ya mlima, kulikuwa na vita. Huku chini Waembu walikuwa wametolewa mashambani kwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, kila kijiji na lango moja lililolindwa na homugadi, yaani watu wa hapo hapo waliopewa silaha na serikali. Mwembu, Mmeru au Mkikuyu hakutoka eneo lake bila pasi ya serikali ya kusafiria. Kipande changu mimi, ile karatasi ya utambulisho, kiliandikwa Mswahili. Babu yangu alifika Meru na misafara ya biashara akaoa huko huko, baba yangu alikuwa mchinjaji mwenye bucha, na sisi wa Majengo tulihesabiwa watu wa mji. Kwa hiyo niliweza kupanda lori kutoka Embu hadi Meru bila maswali mengi. Ireri, tuliyefanya kazi naye meza moja, hakuweza hata kwenda Runyenjes kumwona shangazi yake.

Ireri alikuwa mkereza vyuma. Mashine ya kukereza hushika chuma na kukizungusha, na mkerezaji hukichonga kwa kisu kigumu mpaka kiwe mviringo kamili. Ni kazi ya vidole. Ireri aliweza kupitisha kidole gumba juu ya mhimili uliotoka mashinani akakwambia mahali palipozidi unene wa unywele. Alikuwa kijana mpole, mwenye kicheko cha puani, na alikuwa amechumbia msichana aitwaye Wanja kutoka kijiji cha jirani.

Juu yetu sote alikuwapo Fundi Mkuu, Mzungu mrefu mkimya aliyekuwa na desturi ya kuvua kofia kila alipoingia karakana, kama anayeingia kanisani. Hakuwa mkali kwa maneno. Lakini ukimharibia kifaa alikutazama mpaka ukatamani akupige.

Siku moja mashine ya kufulia nguo ililetwa kutoka nyumba ya ofisa mmoja, mota yake ikinguruma bila kuzunguka. Waya wa shaba wa kusokotea koili mpya ulikuwa haupatikani, kwa hiyo Fundi Mkuu aliiandika kuwa ni ya kutupwa, nayo ikatupwa nyuma ya karakana kwenye lundo la vyuma. Niliitazama kila nilipokwenda kunawa mikono. Koili yake ya kuendeshea ilikuwa nzima kabisa.

Wakati huo huo Ireri alikuwa na tatizo lake. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana juu ya harusi, na D.O., yule afisa kijana wa wilaya, alikuwa ametoa kibali cha kupika pombe kwa siku hiyo moja. Kibali hicho hakikupatikana kwa urahisi, na siku ikipita kimekufa. Bila marwa, pombe yao ya wimbi, wazee hawangeweza kuketi na kumkabidhi binti. Marwa huhitaji kimea. Wimbi hulowekwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba mpaka lichipue, huanikwa likauke, kisha husagwa na kutiwa katika uji uliopoa. Zamani wanawake wa ukoo wangekusanyika na mawe yao na kusaga huku wakiimba. Sasa wanawake wote walitolewa kila siku kuchimba handaki, wakirudi mikono imevimba na kafyu inakaribia.

"Mama amebaki na gunia nzima ya kimea," Ireri aliniambia tukiwa tunakula. "Anasaga kidogo kidogo, analala juu ya jiwe. Hii harusi itapita, mimi nibaki nikitazama."

"Ana kinu cha mkono?"

"Kiko kimoja cha chuma, ile ya kufunga kwa meza. Lakini ni nani atazungusha? Mkono yake imekwisha kwa jembe."

Nikamwambia habari ya mota iliyo kwenye lundo.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine wa msikitini kwetu huenda lisiwapendeze. Mimi sikuwahi kunywa pombe wala sitakunywa. Nilijua kimea kile kingeishia wapi. Lakini nilikula chakula kilichopikwa na mama yule karibu kila siku, kwa sababu Ireri alikuja na kibuyu cha uji na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wa watu wawili, na mama huyo hakuwa amewahi kuniona. Aliambiwa tu kwamba kuna kijana wa Meru asiye na wa kumpikia.

Tulimwendea Mestri. Alisikiliza huku akifuta miwani kwa ncha ya kilemba.

"Vyuma iko takataka, chukua," alisema. "Saa ya chakula jenereta naendelea sababu ya kuchaji betri ya malori. Hiyo saa, fanya. Lakini ukichoma jenereta yangu, mimi nasaga wewe."

Kinu cha mkono kiliingia karakana ndani ya kikapu cha mahindi. Kazi ilikuwa kupunguza mwendo. Mota ile ilizunguka kwa kasi ambayo ingeufanya unga ushike moto, nasi tulitaka kimea kipasuke tu. Kwenye mota tuliweka puli ndogo, kigurudumu chenye mfereji wa kukalia mkanda, ambayo Ireri aliikereza kutoka kipande cha shaba. Kwenye kinu tuliondoa mpini na kufunga gurudumu la baiskeli lisilo na tairi. Mkanda tuliutoa kwenye mashine kuukuu, ngozi iliyokatika, tukaushona upya kwa uzi wa mshona viatu. Puli ndogo ikizunguka mara nyingi, gurudumu kubwa huzunguka mara moja, na nguvu huongezeka. Mhimili wa kinu ulikuwa mfupi, uliotengenezwa kwa ajili ya mpini tu, kwa hiyo Ireri aliurefusha kwa kuuvisha kipande cha bomba la maji.

Siku ya kwanza kujaribu, niliwasha swichi. Mota ikanguruma kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Nikaushika mkanda na kuuvuta. Ikaondoka! Gurudumu likazunguka, kimea kikaanza kumwagika kwenye debe, na Ireri akacheka kwa pua mpaka machozi yakamtoka. Hata Mestri aliacha chapati yake akaja kutazama.

Ireri alikwenda na unga ule nyumbani kumwonyesha mama. Kesho yake alirudi ameinamisha kichwa.

"Amekataa."

"Kakataa nini?"

"Unga. Anasema nusu ni vumbi na nusu ni mbegu nzima. Vumbi itafanya pombe ikuwe kama gundi, haiwezi chujika. Na mbegu nzima ni ya kuku."

Tukakitazama kinu kikizunguka, na kweli, bomba lilikuwa limekaa upande. Kila gurudumu lilipozunguka, mawe ya kinu, yaani sahani mbili za chuma zinazosaga, yaligusana kisha yakaachana. Ilibidi bomba lipigwe tupa ndani mpaka likae sawa, na springi inayoyatenga mawe ibadilishwe kwa iliyo ngumu zaidi. Saa ya chakula haikutosha kazi hiyo. Jioni Ireri alifunga bomba, springi na pini ya chuma ya kulishikia bomba kwenye mhimili, vyote katika kitambaa, akatia tupa mfukoni, akaenda nazo nyumbani.

Wala yeye wala mimi hatukufikiria. Kwetu vile vilikuwa vipande vya kinu. Lakini bunduki za msituni zilitengenezwa kwa bomba la maji, springi, na pini iliyochongwa kutoka komeo la mlango. Kila homugadi alilijua hilo. Na aliyepatikana na silaha wakati ule, au sehemu ya silaha, aliweza kunyongwa.

Asubuhi Ireri hakuja kazini. Mashine yake ilikaa kimya, na Mestri akanituma kuuliza langoni. Hapo nilimwona mwanamke mtu mzima amesimama ng'ambo ya barabara, udongo mwekundu wa handaki miguuni, pasi yake ameishika mkononi kama mtu anayeogopa upepo usiipeperushe. Aliponiona aliuliza kwa Kiswahili cha taabu, "Wewe ndiye wa Meru?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Ireri amefungwa. Wanasema ni bunduki."

Nilimketisha kivulini, nikarudi ndani. Mestri aliposikia alikaa juu ya kreti.

"Wewe nyamaza," aliniambia polepole. "Mimi iko na watoto. Wewe iko kijana. Hii maneno ya bunduki, ukigusa, naingia na wewe."

"Tukinyamaza, Mestri, ataulizwa lile bomba ni la nini. Atasema ni la kinu. Karakana itaulizwa, na karakana itasema haina kinu."

Nikaenda kugonga mlango wa ofisi ya Fundi Mkuu.

"Bwana, Ireri amekamatwa. Bomba walilomkuta nalo si la bunduki. Ni la kinu."

"Kinu gani?"

"Kinu cha kusaga kimea. Kimea cha pombe ya harusi yake."

Aliweka kalamu chini. "Pombe. Hapa? Karakana yangu?"

"Kusaga tu, Bwana. Saa ya chakula. Mota ni ile ya mashine ya kufulia iliyotupwa."

"Na umeme?"

"Ni wa jenereta, Bwana."

"Nani natoa ruhusa?"

Nilikuwa natafuta jibu nilipousikia mlango nyuma yangu. Mestri alikuwa amesimama pale, kilemba amekifunga upya, uso umembadilika rangi.

"Mimi, Sahib," alisema. "Mimi natoa."

Fundi Mkuu alitutazama mmoja baada ya mwingine, ule mtazamo wake. Kisha akachukua kofia.

"Pakieni."

"Nini, Bwana?"

"Hiyo kinu. Yote. Mota, gurudumu, kila kitu. Na mama yake."

Kambi ya homugadi ilikuwa kando ya lango la kijiji, minara ya miti na nyumba ya mabati. D.O. alikuwapo, kijana asiyetofautiana nami sana kwa umri, na kiongozi wa homugadi, mtu mfupi wa makamo aliyevaa koti la kijeshi. Vipande alivyokamatwa navyo Ireri vilikuwa vimepangwa juu ya meza. Nilikifunga kinu kwenye ukingo wa meza hiyo hiyo, nikavisha bomba kwenye mhimili, nikatia springi kati ya mawe, nikachomeka pini, nikaweka gurudumu. Nikalizungusha kwa mkono. Lilizunguka, sasa bila kutikisika, kwa maana Ireri alikuwa amemaliza kulipiga bomba tupa kabla hawajamchukua.

Kiongozi wa homugadi alitazama mpaka mwisho. Hakudharau. Alisema kwa sauti ya chini, "Bwana, leo hii bomba imeingia kwa kinu. Mimi naona. Lakini bomba ni bomba. Ndugu yangu waliua na bomba kama hii, mlangoni kwake, watoto wakiona. Mtu akipita hapa na bomba, mimi nitajua aje ni ya nini?"

Jibu la swali hilo sijalipata mpaka leo.

Ndipo Mama Ireri aliposogea mbele. Hakuna aliyemwita. Alifungua pindo la shuka lake, akatoa unga aliokuwa ameufunga humo, akaumwaga juu ya meza mbele ya D.O. Alisema kwa Kiembu, na karani akatafsiri.

"Anasema huu ndio unga ambao mtoto alimletea. Anasema shika."

D.O. alisita, kisha akachota kwa vidole.

"Anasema, unasikia vumbi? Unasikia mbegu nzima? Anasema yeye ndiye aliukataa, akamwambia mtoto aende arekebishe kinu. Kama mnataka mtu aliyemfanya abebe bomba, ni yeye. Mfungeni yeye, mtoto aende kazini."

Wanawake waliokuwa handakini walikuwa wameacha kuchimba. D.O. aliendelea kuusugua ule unga kati ya vidole kwa muda, kama aliyesahau kwamba tunamsubiri. Akamgeukia Fundi Mkuu wakasemezana Kiingereza. Kiingereza changu kilitosha kuelewa kwamba aliulizwa kama yuko tayari kumdhamini Ireri, na kwamba alijibu ndiyo, na kwamba kijana yule akipatikana tena na chuma chochote, yeye Fundi Mkuu ndiye atakayekuja kujibu.

Ireri hakuachiliwa siku hiyo. Walisema kuna maandishi ya kumalizwa. Alipotoka siku chache baadaye, vidole viwili vya mkono wake wa kuume vilikuwa vimefungwa kijiti. Alituambia mlango ulimbana. Hatukumwuliza ni mlango gani.

Asubuhi aliyorudi Ireri kazini, Fundi Mkuu aliingia karakana, akavua kofia, akakitazama kinu kilichokuwa kimerudishwa pembeni. Kando yake kulikuwa na gunia la kimea.

"Harusi lini?" alimwuliza Ireri.

"Jumamosi ijayo, Bwana."

"Maliza hii gunia. Halafu vunja kinu. Kila kipande irudi lundo." Akanielekezea kidole. "Wewe navunja. Halafu wewe naenda Meru. Hapa sitaki wewe tena."

Tukasaga. Mama Ireri aliruhusiwa kuingia, akaketi juu ya kreti la Mestri, akawa anachota unga kila debe lilipojaa na kuusugua. Debe la kwanza alitikisa kichwa, nikalegeza skrubu ya kinu kidogo. La pili akalishika kwa muda mrefu, kisha akacheka. Ireri alishikilia mdomo wa gunia kwa mkono wa kushoto. Gunia lilipokwisha nilizima swichi, nikachukua spana, nikavunja kinu chetu skrubu kwa skrubu. Kile cha mkono kilirudi katika kikapu cha mahindi. Mota niliirudisha kwenye lundo mwenyewe. Hakuna kazi ya kuvunja niliyoifanya kwa uangalifu kama ile.

Uhamisho huo Fundi Mkuu aliufanya kuwa adhabu, wala sikumwambia kwamba Meru ni kwetu. Lakini habari zilinitangulia. Nilimkuta baba buchani, anakata mbavu. Hakuacha kukata.

"Nimesikia umekuwa fundi wa pombe."

"Nilisaga kimea, Baba."

"Na kimea ni nini, kama si pombe ambayo haijakomaa?"

Aliendelea na shoka mpaka ubavu ukaisha, akafuta mikono.

"Yule kijana alitoka?"

"Alitoka, Baba."

"Mzima?"

"Vidole viwili vimevunjika. Ni mkereza vyuma."

Baba alitazama mikono yake mwenyewe, yenye alama za visu vya miaka mingi. "Harusi yake ni lini?"

"Jumamosi."

"Utakwenda?"

"Ukiniruhusu."

"Hutakwenda mikono mitupu," alisema. Alfajiri ya Ijumaa alichinja beberu mnono, akamfunga katika majani ya mgomba na gunia safi, akamwambia dereva wa lori la mboga anipeleke hadi Embu.

Harusi ilifanyika ndani ya kijiji, kati ya handaki na handaki, homugadi wakiwa langoni. Wazee waliketi, marwa ikapitishwa kwa pembe, na kila aliyeonja aliitikia kwa kichwa kwamba imechujika vizuri. Pembe ilipokaribia kwangu niliona aibu, sikujua nikatae vipi mbele ya wazee wale. Kabla haijanifikia Mama Ireri alipita kati yao na kibuyu kingine, akanimiminia uji wa wimbi usiochachushwa, akasema neno kwa Kiembu, na wazee wakacheka kwa upole na kuniinulia pembe zao. Nikauliza amesema nini. Ireri alisema, "Anasema wewe ni wa kusaga, si wa kunywa." Nikanywa uji wangu pamoja nao. Kiongozi wa homugadi naye alipita baadaye, akapewa nyama ya baba yangu, akala akiwa amesimama. Alipomaliza alimpa Ireri mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia wa Ireri ulikuwa bado umefungwa.

Baada ya hapo kazi yangu ilikwenda kama za wengine. Meru nilikuwa chini ya Msimamizi wa Umeme, Mwingereza mwenye haraka aliyependa kazi iliyokamilika kuliko kazi nzuri, kisha, bendera ilipobadilika, chini ya Injinia wa kwanza Mwafrika wa mkoa, ambaye alinipa mashine za dobi za hospitali nizitunze. Nilifunga nyaya za shule na masoko. Umeme ulipofika Kianjai nilikuwa miongoni mwa waliopanda nguzo. Mestri alihamia kwa mwanawe ng'ambo, na kabla ya kuondoka alipita Meru akala nami chakula cha mchana akilalamika kwamba mafundi wa sasa hawatumii pua. Nilistaafu nikiwa msimamizi wa karakana, nikiwa na vijana wengi chini yangu, wengine sasa ni mainjinia, na sijawahi kukataza mtu kuchukua chuma kwenye lundo kabla sijamwuliza anataka kufanyia nini.

Mnaosoma haya mnaniuliza siku hizi kama ufundi wa zamani ulikuwa mgumu. Haukuwa mgumu kuliko wa kwenu. Vifaa vilikuwa vichache, basi, na kila kifaa kilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufa. Tulichojifunza ni kwamba mashine haikai peke yake. Kuna anayeibeba, kuna anayekula kutokana nayo, na kuna anayeiona inapita akaogopa. Fundi anayefikiria koili tu hajamaliza kufikiria.

Ireri hakurudi kukereza. Vidole viliunga, lakini havikupata tena ile hisia ya unywele. Alipewa stoo, akaitunza vizuri mpaka akastaafu, akarudi shambani kwake nje ya Runyenjes, yeye na Wanja. Hunitembelea Meru, nami humtembelea. Yeye sasa husikia kwa shida, nami macho yangu yana ukungu, kwa hiyo tukikaa tunapiga kelele na kusogeleana kama watu wanaogombana. Habari za siku zile za kambini hajawahi kuzitaja, nami sijawahi kumwuliza. Tunachobishania ni gurudumu. Yeye husema gurudumu la baiskeli lilikuwa kubwa mno, ndilo lililotikisa kinu siku ile ya kwanza. Mimi nasema gurudumu lilikuwa sawa, tatizo lilikuwa meza. Bomba hatulitaji. Wanja hutuletea chai, hutusikiliza kidogo, na kutuacha na mabishano yetu.